Fimbo Ipi Inunuliwe Kwanza?

Mchezaji wa gofu wa ridhaa, akishaanza kuuweka mpira pale anapokusudia, hutamani kwanza draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Ndiyo ing'aayo dukani, na aghalabu ndiyo ghali kupita nyingine. Sisi tunamshauri asubiri.

Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14 mkobani. Hakuna sharti la kuzitimiza. La kutazamwa ni pengo. Apige mipira kumi kwa kila fimbo aliyonayo, aandike umbali. Mara nyingi pengo hujitokeza karibu na shimo. Weji ya kawaida siku hizi ina mwinamo wa nyuzi 45 hivi, na ile ya kutolea mpira mchangani nyuzi 56. Baina yake, mchezaji hubaki kukisia nguvu ya mkono. Fimbo moja ya nyuzi 50 au 51 huziba pengo hilo, na iliyokwishatumika inatosha, mradi mifereji ya usoni mwake haijasagika.

Wazazi wenye karo ya watoto mbele yao wanayo haki ya kuuliza bei kabla fedha haijatoka. Gofu yenyewe ni mchezo wa halali. Lililokatazwa ni israfu. Wapo pia wanaotaka kuirejesha gharama kwa kuwekeana dau kila shimo. Hiyo ni kamari, hata dau likiwa soda.

Fimbo ikishapatikana, aizoee kwanza mazoezini, mita 80 hadi 100, kabla ya kwenda nayo mashindanoni.