Kwa Nini Mguu Wangu ni Mwembamba

Wanafunzi wengi wageni hutamani kuniuliza habari za mguu wangu wa kushoto, ila huona haya. Wengine hunong'ona kwamba nilirogwa. Kwa ruhusa ya Mhariri, nitawajibu wote hapa.

Ugonjwa ulionipata nikiwa mtoto huitwa polio. Huletwa na virusi, yaani vijidudu visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Huingia kinywani pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha aliyeambukizwa, kisha huongezeka tumboni. Wengi hawaoni dalili yoyote, au hupata homa ndogo tu. Lakini katika kila watu 200 hivi walioambukizwa, mmoja hupooza.

Hupoozaje? Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo hupita ugwe wa neva, mfano wa nyaya za simu zichukuazo amri za ubongo. Virusi vikifika humo huua seli ziamrishazo misuli. Msuli usiopata amri hulegea, kisha hunyauka. Seli za kuhisi husalimika. Ndiyo sababu mwiba ukinichoma mguu huu, nasikia uchungu sawasawa na ninyi. Akili nayo haipungui. Ila misuli ya kupumulia ikipooza, mgonjwa aweza kufa.

Seli zilizokufa hazifufuki. Mazoezi na vyuma vya mguu husaidia, lakini dawa ya kuponya haipo. Kinga ndiyo iliyopo. Mwaka 1955 chanjo ya sindano ya Dkt. Jonas Salk ilianza kutumika Marekani, na baadaye ikaja ya matone ya Dkt. Albert Sabin. Nilipougua mimi, chanjo ilikuwa haijafika kijijini kwetu.

Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio. Hata hivyo, Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja amepoozwa na virusi vyenye asili ya Pakistan. Maradhi haya hayajui mipaka.

Basi, wazazi, hakikisheni watoto wamepata chanjo zote, wala si ya kwanza tu. Nanyi wanafunzi, naweni kwa sabuni mtokapo chooni. Tena mkienda likizo, tazameni kadi za kliniki za wadogo zenu. Mkiona pengo, wakumbusheni wazazi kwa adabu.