Baiskeli ya mbio: Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama

Mfanyakazi wa mshahara anayeamua kuachana na baiskeli ya kawaida na kununua ya mbio huwa na swali moja la kwanza: ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Baiskeli mbili zinazouzwa kwa bei ileile zinaweza kupishana sana kwa gharama baada ya miezi sita, na ile iliyoonekana rahisi siku ya kununua ndiyo mara nyingi huishia stoo kwa kukosa tairi.

Mchezo wenyewe umesogea karibu na nyumbani. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Matukio ya aina hiyo huleta wateja wapya sokoni, na mteja mpya ndiye anayeuziwa kwa urahisi asichokihitaji.

Soko la dunia lilivyo

Janga la Uviko lilipoanza mwaka 2020, watu wa Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli hadi maduka yakaishiwa. Viwanda na wauzaji wa jumla wakaagiza kwa wingi. Mahitaji yalipopungua, mzigo ukabaki maghalani. Mauzo ya Shimano ya Japani, kampuni inayoongoza duniani kwa kutengeneza gia na breki za baiskeli, yalishuka kutoka zaidi ya yen bilioni 620 mwaka 2022 hadi takriban yen bilioni 474 mwaka 2023. Oktoba mwaka huo Wiggle ya Uingereza, mojawapo ya maduka makubwa ya mtandaoni ya bidhaa hizo, iliwekwa chini ya wafilisi.

Mzigo ukizidi, bei hushuka, lakini punguzo la London halifiki Kariakoo likiwa zima. Kati ya miji hiyo kuna nauli ya meli, bima, ushuru, kodi, gharama za bandarini na faida ya mwagizaji. Kwa hiyo mnunuzi wa huku hanufaiki sana kwa kufuatilia bei za nje. Faida yake kubwa iko katika kuchagua baiskeli inayomtosha mwili na ambayo vipuri vyake vinapatikana mjini kwake.

Saizi kwanza, jina la kampuni baadaye

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kununua fremu isiyolingana na mwili. Kiti hupandishwa na kushushwa, lakini urefu wa fremu haubadiliki. Mwenye fremu kubwa hulazimika kujinyoosha ili afikie usukani. Baada ya saa moja shingo, mgongo na viganja vinauma, na baiskeli huuzwa kwa hasara kabla tairi zake hazijaisha.

Kipimo cha kuanzia ni bure. Mnunuzi asimame bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, abane kitabu kigumu katikati ya mapaja kwa juu kabisa, kisha apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho kikizidishwa kwa 0.883 hutoa kimo cha kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Njia hii ilienezwa na Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France wa miaka ya 1986, 1989 na 1990. Mwenye kipimo cha sentimita 82 atahitaji kiti cha sentimita 72.4 hivi.

Kipimo hicho hicho kikizidishwa kwa 0.65 hadi 0.67 huonyesha saizi ya fremu. Kwa mtu huyo ni kati ya sentimita 53 na 55. Hesabu hii inafaa kwa fremu za zamani ambazo bomba la juu limelala sawa. Fremu nyingi za siku hizi zina bomba linaloinama kuelekea kiti, hivyo namba iliyobandikwa juu yake haitoshi na ni lazima kuangalia jedwali la mtengenezaji. Jedwali lisipokuwepo, mnunuzi apande na kushika breki. Viwiko vikinyooka kabisa, fremu hiyo ni ndefu kwake, na punguzo lolote la bei halitaifupisha.

Namba iliyo ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo wengi hukwama. Baiskeli ya kawaida ya inchi 28, ile ya breki za vyuma inayobeba mkaa na maziwa, hutumia tairi ya kipenyo cha ndani cha milimita 635. Baiskeli za gia za inchi 26 hutumia milimita 559. Baiskeli ya mbio, ambayo saizi yake huandikwa 700C, hutumia milimita 622. Tofauti ya milimita 13 kati ya 635 na 622 ni ndogo kwa macho, lakini tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine. Duka la mtaa lenye tairi za inchi 28 kuanzia chini hadi darini laweza lisiwe na hata moja ya kumfaa mwenye baiskeli ya mbio.

Namba hiyo huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28-622. Tarakimu ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Kabla ya kulipa, mnunuzi azunguke maduka mawili matatu akiulizia tairi na tyubu za 622. Aangalie pia nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu. Fremu nyingi za zamani hazipitishi zaidi ya milimita 25, wakati barabara zenye viraka, kokoto na matuta zinadai milimita 28 au zaidi.

Valvu nayo iangaliwe. Tyubu nyingi za baiskeli za mbio zina valvu nyembamba aina ya Presta, yenye milimita 6, wakati ya gari ina milimita 8. Pampu ya kituo cha mafuta haiingii bila kiunganishi kidogo cha shaba. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, lakini asiye nacho akipata pancha njiani atarudi kwa miguu.

Gia nyingi si lazima ziwe bora

Muuzaji hupenda kutaja idadi ya gia. Katika baiskeli za barabarani za Shimano, daraja la Claris lilitengenezwa kwa sproketi 8 za nyuma, Sora 9 na Tiagra 10, na 105 ikafika 11 na baadaye 12. Kadiri sproketi zinavyoongezeka, cheni huwa nyembamba zaidi, ghali zaidi na adimu zaidi. Cheni ya sproketi 8 ni ileile inayotumika katika baiskeli nyingi za gia za 6, 7 na 8, hivyo kuipata si kazi. Kwa anayeanza, gia 8 au 9 zinatosha kwa safari ndefu na hata kwa mashindano ya kwanza.

La muhimu zaidi ni uwiano wa meno. Baiskeli za mashindano za zamani mara nyingi zilikuwa na sproketi ndogo ya mbele ya meno 39, na kubwa ya nyuma ya meno 25. Kwa gia hiyo, kila mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli karibu mita 3.3. Ikiwa mbele ni 34 na nyuma ni 34, mzunguko huohuo husogeza mita 2.1 tu, kwa hiyo mguu hutumia nguvu ndogo zaidi kupanda. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuvumilia ya kwanza. Anayeishi Lushoto, Arusha au Mbeya atashuka na kusukuma.

Kuhusu breki, mipira inayobana rimu ni rahisi na kila fundi anaimudu. Breki za diski husimamisha vizuri zaidi wakati wa mvua, lakini zile za mafuta zinahitaji fundi anayezijua. Shimano hutumia mafuta ya madini, wakati breki nyingi za SRAM ya Marekani hutumia mafuta ya DOT. Kuchanganya hayo mawili huharibu mipira ya ndani. Ikiwa mjini hakuna fundi wa breki za mafuta, diski zinazovutwa kwa waya ni njia ya kati.

Ukaguzi wa mtumba

Baiskeli nyingi za mbio zilizomo ndani ya uwezo wa mshahara ni mitumba. Si jambo la aibu wala la hatari, ilimradi ukaguzi ufanyike kabla ya fedha kubadili mikono.

Cheni hupimwa kwa rula. Pini ya kwanza hadi ya mwisho ya pingili kamili 12 iwe inchi 12 sawasawa. Ikizidi kwa inchi 1/16, cheni imekwisha. Ikizidi kwa 1/8, sproketi nazo huenda zimelika, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Rimu za breki za mipira zipapaswe kwa kidole. Uso uliochimbika kama bakuli maana yake rimu imelika na inaweza kupasuka.

Fremu ya chuma au alumini ikaguliwe mipasuko na mabonyeo karibu na maungio. Fremu ya kaboni inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nyuzi zake zaweza kuvunjika ndani huku rangi ikionyesha mkwaruzo mdogo tu. Igongwe kwa sarafu taratibu. Mahali panapotoa mlio mzito tofauti na pengine ni sababu ya kuahirisha malipo.

Wenye kutamani madaraja ya juu wana jambo jingine la kuangalia. Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi na ubadilishaji wa bure wa baadhi ya mikono ya pedali ya Ultegra na Dura-Ace za gia 11, zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019, kwa kuwa vipande vilivyogandishwa vinaweza kuachana. Marekani pekee zilihusika seti takriban 680,000. Baiskeli za miaka hiyo ndizo zinazoingia sokoni sasa kama mitumba. Mnunuzi aulize kama mikono hiyo ilikaguliwa, na asiyepata jibu achukulie kuwa haikukaguliwa.

Mwisho, adai risiti au hati ya mauziano yenye namba ya fremu, ambayo kwa kawaida huchongwa chini ya ekseli ya pedali. Mali isiyo na karatasi ni vigumu kuiuza tena, na ikigundulika ni ya wizi, mnunuzi hupoteza vyote.

Hesabu ya mfano

Tuchukue wanunuzi wawili wenye Sh. 2,000,000 kila mmoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei za soko. Wa kwanza ananunua baiskeli ya kaboni kwa fedha yote. Wa pili ananunua ya alumini kwa Sh. 1,400,000, anatenga 300,000 kwa kofia ngumu, taa, pampu na spana, 200,000 kwa tairi na tyubu za akiba, na 100,000 kwa fundi.

Wa kwanza anapata pancha mbili, tairi hazipatikani, anaagiza na kusubiri. Hatimaye anakata tamaa baada ya kilomita 600 na kuuza kwa nusu ya bei. Amepoteza Sh. 1,000,000, sawa na Sh. 1,667 kwa kila kilomita. Wa pili anaendesha kilomita 60 kila wiki kwa wiki 100, jumla kilomita 6,000, kisha naye anauza kwa nusu ya bei, yaani Sh. 700,000. Ametumia Sh. 1,300,000, sawa na Sh. 217 kwa kilomita.

Tofauti hiyo haikuletwa na uzito wa fremu wala jina lililoandikwa juu yake. Imeletwa na kilomita zilizoendeshwa. Mnunuzi mwenye fedha mkononi, kwa hiyo, apime mguu kwanza, aulizie tairi za 622 pili, azungumze na fundi tatu, na ndipo aanze kupatana bei.