Lami Vuguvugu na Njia ya Tabora

Mwezi wa Novemba 1857 msafara wa Burton na Speke uliwasili Kazeh, mahali penye mji wa Tabora wa leo, baada ya kuondoka pwani mwezi wa Juni. Njia iliyowafikisha huko haikujengwa na fundi yeyote. Ilikanyagwa na nyayo za wapagazi, na mvua ilipoharibu kipande chake, misafara ilipita kando. Gharama yake kubwa ilikuwa uchukuzi, kwani mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili tu, yaani kilo 32 hivi.

Barabara ya lami haiwezi kuhama mvua inaponyesha, lakini tatizo la uchukuzi limebaki palepale. Lami ya Tanzania huagizwa kutoka ng'ambo, na ikishushwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800 kabla ya kufika Tabora. Zege la lami lina kokoto na mchanga kwa kiasi cha asilimia 95 ya uzito wake, na lami asilimia 5 hivi. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7, ikitandikwa zege lenye unene wa sentimita 5, huhitaji takriban tani 840 za mchanganyiko, na ndani yake tani 42 za lami. Kwa mizigo ya frasila mbili, hao ni wapagazi wapatao 1,300 kwa kilomita moja tu!

Kwa desturi mchanganyiko huo hupikwa kwa joto la nyuzi 150 hadi 180 za Sentigredi. Sababu yake ni mnato. Lami iliyopoa ni nzito, haienei juu ya mawe. Ikipashwa moto hulegea na kulivika kila jiwe utando mwembamba. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Ulaya walianza kutafuta namna ya kuupunguza mnato huo bila moto mwingi. Ndipo ilipozaliwa lami vuguvugu, inayochanganywa kwa nyuzi 100 hadi 140. Baadhi ya viwanda hutia nta maalumu inayoyeyuka ndani ya lami, na vingine hutia dawa inayoirahisishia lami kuteleza juu ya jiwe. Njia ya tatu ni ya kuvutia zaidi: maji kidogo hupulizwa ndani ya lami ya moto, yakageuka mvuke papo hapo, na lami ikaumuka kama povu la sabuni. Povu hilo huchukua nafasi kubwa mara nyingi kuliko lami yenyewe, hivyo huyafikia mawe kwa urahisi.

Je, faida yake ni kiasi gani? Mwanafunzi wa fizikia aweza kukadiria. Kilo moja ya mawe huhitaji kilojuli 0.9 hivi ili joto lake lipande nyuzi moja. Tani moja ikipashwa hadi nyuzi 120 badala ya 160, huokoa megajuli 36, karibu sawa na nishati iliyomo katika lita moja ya dizeli. Lakini kama mawe hayo yamelowa kwa asilimia moja na nusu tu, kuyageuza maji hayo kuwa mvuke hula megajuli 39. Maana yake ni kwamba paa la bati juu ya lundo la kokoto, katika mvua za Tabora za Novemba hadi Aprili, laweza kuokoa mafuta kuliko mtambo mpya wa povu. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara katika matangazo ya wauzaji wa mitambo.

Faida kubwa zaidi yaonekana pale vuguvugu linapokutana na lami kuukuu. Barabara iliyochakaa ikikwanguliwa, kifusi chake bado kina mawe mazuri na lami. Ila lami hiyo imeshambuliwa na oksijeni kwa miaka mingi, ikawa ngumu na yenye kupasuka upesi. Lami mpya nayo huzeeka kidogo kila inapopikwa kwa moto mkali. Kwa moto mdogo hubaki laini, na peke yake ingeweza kuacha mifereji chini ya magurudumu ya malori mazito. Ugumu wa ile ya zamani hufidia ulaini wa mpya. Mjini Durban, Afrika ya Kusini, mchanganyiko wa aina hii ulijaribiwa barabarani miaka ya 2008 hadi 2010. Theluthi ya kifusi yaweza kupunguza lami ya kuagizwa kwa theluthi pia, lakini kwa sharti moja: lami ya zamani iyeyuke na kuungana na mpya. Joto likiwa dogo mno haiyeyuki, na kifusi hubaki kama mawe meusi tu.

Adui aliyebaki ni maji. Mawe ya Tabora kwa sehemu kubwa ni ya itale, yaani graniti, yenye silika nyingi. Silika huyapenda maji kuliko lami. Jiwe likiingia mtamboni na unyevu uliosalia kwa sababu ya moto mdogo, lami hubambuka baadaye. Dawa ya bei nafuu ni chokaa iliyozimwa, kiasi cha asilimia moja. Maabara hupima kwa kuviloweka vipande vya zege katika maji ya moto, kisha kuvivunja; aghalabu hutakiwa vibaki na asilimia 80 ya nguvu ya vile vikavu.

Ikumbukwe pia kwamba barabara nyingi za mikoani hazina zege la lami. Zimenyunyiziwa lami na kumwagiwa kokoto, mara mbili. Zikichakaa, utando wao ni mwembamba mno kukwanguliwa peke yake. Hufaa zaidi kuusaga pamoja na tabaka la chini yake, papo hapo barabarani, na kuuchanganya na povu la lami au saruji kidogo bila kupasha mawe kabisa.

Shule inaweza kulifanya jaribio la maji bila mtambo. Kokoto za itale zilizokwisha kuvikwa lami huchemshwa kwa dakika kumi, mwalimu akisimamia, kisha humwagwa juu ya karatasi nyeupe zikauke. Kundi la pili liwe la kokoto zilizopakwa chokaa kabla ya lami. Wanafunzi wahesabu ni ngapi katika kila kundi zimevuliwa koti lake jeusi.