Kabureta Mahali pa Nozeli: Mambo Niliyoyaona Kasense

Wanachama, msimu wa karafuu hauna subira. Karafuu zikisha kukauka zataka gari la kuzifikisha kituoni, na gari likigoma siku hiyo, hasara ni ya mwenye shamba. Ndiyo maana kompyuta ya gari ikifa, wengi wetu humsikiliza upesi fundi asemaye: "Tung'oe nozeli, tutie kabureta." Je, tumfuate? Nitaeleza niliyoyaona Kasense, Sumbawanga, nilipokwenda kumzuru shemeji yangu.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya baridi, ya mahindi na maharage, nayo Sumbawanga iko karibu futi 6,000 juu ya bahari. Shemeji ana pikapu ya petroli ya kuchukulia mahindi. Kompyuta yake iliungua, na bei ya nyingine ikamshinda. Fundi akatoa nozeli, akafunga kabureta kuukuu, lakini pampu iliyomo ndani ya tangi akaiacha ile ile.

Hapo ndipo penye hatari. Pampu ya nozeli husukuma petroli kwa nguvu ya ratili 40 hivi kwa kila inchi mraba. Kabureta yataka ratili 3 hadi 5 tu. Ndani yake mna boya, na sindano ndogo ya kuziba njia mafuta yanapojaa. Nguvu ikizidi, sindano haiwezi kuziba. Pikapu ilinguruma dakika chache, kisha petroli ikafurika juu ya injini iliyokwisha pata moto. Kwa bahati shemeji alisikia harufu, akazima injini mara moja. Angechelewa kidogo, angepoteza gari, na pengine roho.

Fundi wa pili aliifanya kazi upya, na yafaa tuyashike aliyoyafanya:

1. Aliiondoa pampu ya zamani katika kazi, akafunga pampu ya nguvu ndogo.

2. Aliuacha mpira wa kurudishia petroli tangini, ili iliyozidi ipate njia.

3. Alitafuta manifoldi inayolingana na kabureta, hewa isipenye pembeni.

4. Alifunga distributa, kwani ile kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiamrisha hata moto wa plagi. Ukiiondoa bila ya kuweka badala yake, injini haitawaka.

Gari likatembea, lakini likitoa moshi mweusi na kunywa petroli nyingi. Sababu ni kimo cha nchi. Hewa ya Ufipa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha moja katika sita. Nozeli hupimiwa hewa na kompyuta. Kabureta haijui kupima hivyo, hutoa mafuta kwa ukubwa wa tundu la jeti yake. Fundi alipotia jeti ndogo zaidi, moshi ukakoma.

Nasi wa visiwani tuangalie kinyume chake. Kabureta iliyotengenezwa kwa ajili ya milimani ikiletwa Unguja au Pemba, petroli itakuwa chache kwa hewa yetu nzito. Injini itapata joto kupita kiasi, na valvu huenda zikaungua. Basi mwenye kununua gari la namna hiyo kutoka bara, abadilishe jeti kwanza, ndipo alipakie magunia.

Mwenye lori la dizeli asijisumbue: injini ya dizeli haiendi kwa kabureta kabisa.

Na kabla ya kung'oa chochote, mwambie fundi atazame fyuzi, rilei ya pampu, chujio la petroli na waya wa ardhi. Mara nyingi kompyuta husingiziwa, kumbe kilichokufa ni kitu cha bei ndogo. Ikiwa hapana budi kufunga kabureta, fundi na apime nguvu ya petroli kwa geji mbele ya macho yako, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji.