Simu ya mkononi: Nani bwana, nani mtumwa?

Ndugu msomaji, juma hili nilipoketi mbele ya kipaza sauti nilianza mazungumzo yangu kwa kuungama. Kwa kuwa wasikilizaji kadhaa wameomba niyaweke katika maandishi, naungama tena hapa gazetini.

Shangazi yangu, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa akitumia dawa za shinikizo la damu kwa miaka mingi. Mwaka jana aliziacha. Hakuziacha kwa kukosa fedha, wala si kwamba zahanati ilikuwa mbali. Aliziacha baada ya kusikiliza sauti iliyorekodiwa ya mtu aliyejiita daktari, akidai kwamba vidonge vya presha ndivyo vinavyoua figo, na kwamba kitunguu saumu na ndimu kila asubuhi vinatosha. Majuma sita baadaye alianguka jikoni. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Leo anatembea kwa mkongojo na maneno yanamtoka moja moja.

Sauti ile ilimfikiaje? Ilipitia katika kundi la simu la familia yetu. Na aliyeipeleka kundini ni mimi, mtu niliyesomea uandishi wa habari hadi nikapata stashahada, niliyefundishwa kwamba habari isiyo na chanzo haisomwi. Nilikuwa nimesimama ndani ya daladala, nikaisikiliza nusu, nikabonyeza, nikasahau. Kidole kilifanya kazi kabla ya akili.

Leo basi nataka tuulizane: ni kitu gani kinachokifanya kidole kitangulie?

Ili tupate jibu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika karne iliyopita mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, B.F. Skinner, alikuwa akiwatia panya na njiwa ndani ya sanduku lenye kitufe cha kutolea chakula. Mnyama aliyepewa chakula kila alipobonyeza, aliacha upesi pindi chakula kilipokatwa. Lakini yule aliyepewa mara moja moja, bila kujua ni mara ipi, alibonyeza bila kuchoka, na hata chakula kilipokatwa aliendelea kwa muda mrefu. Kumbe kinachomfunga kiumbe si zawadi yenyewe, bali ni kutojua zawadi itakuja lini. Mcheza kamari analijua vizuri jambo hili, ingawa hajawahi kusikia jina la Skinner.

Sasa itazame simu yako. Unapoifungua hujui utakuta nini. Mara nyingi hamna kitu. Lakini mara moja moja kuna picha ya mtoto wa ndugu yako, kuna jibu la barua ya kazi, kuna kichekesho cha kukuvunja mbavu. Basi unafungua tena, na tena. Mwaka 2006 mbunifu wa programu, Mmarekani Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokwisha, ambao ukiusukuma kwa kidole unaongeza mengine chini yake. Miaka kadhaa baadaye yeye mwenyewe alijitokeza hadharani kueleza majuto yake. Mwaka 2009 kampuni ya Facebook ilileta kitufe cha dole gumba, na tangu hapo mtu akitundika picha yake hukaa akihesabu waliompenda, kama mwenye harusi anayehesabu michango.

Mambo haya hayakutokea kwa bahati. Programu nyingi za aina hii hatulipii kuzitumia. Wenye kampuni hupata fedha zao kwa matangazo ya biashara, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyoonyeshwa matangazo mengi zaidi. Gazeti hili lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari ya redio ina dakika zake, kisha msomaji anakuaga. Simu haikuagi.

Je, hali hii inatuharibu akili? Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana hofu nayo ni bidhaa inayouzika. Mwezi Mei 2023, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani wa wakati huo, Vivek Murthy, alitoa tahadhari rasmi kuhusu mitandao ya kijamii na afya ya akili ya vijana. Alitaja uchunguzi ulioonyesha kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku mitandaoni wana hatari maradufu ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Lakini mwaka 2019 watafiti wawili wa Uingereza, Amy Orben na Andrew Przybylski, walipitia takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakaona kwamba matumizi ya vyombo hivi yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Yaani uhusiano upo, lakini ni mdogo, na bado haujulikani kipi kimetangulia: ni simu iliyomtia kijana huzuni, au ni huzuni iliyompeleka kwenye simu. Wataalamu wanaendelea kubishana.

Lakini kuna upande mmoja ambao ubishi wake ni mdogo, nao ni upande wa habari za afya. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa katika mtandao wa Twitter tangu 2006 hadi 2017. Waligundua kwamba habari ya kweli ilichukua muda mara 6 kuliko ya uongo kuwafikia watu 1,500. Na walioupa uongo mbio hizo hawakuwa mitambo. Walikuwa binadamu, kwa sababu uongo ni mpya, unashangaza na unachukiza, na mtu anapenda kuwa wa kwanza kuwaambia wenzake.

Matokeo yake yanaweza kuwa kaburi. Agosti 2014, baada ya ugonjwa wa Ebola kuingia Nigeria, ujumbe ulizagaa katika simu ukiwataka watu wanywe na kuoga maji ya chumvi ili wajikinge. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi huohuo kwamba angalau watu 2 walikuwa wamekufa kwa kunywa maji hayo. Hawakuuawa na Ebola. Waliuawa na ujumbe, na bila shaka wengi walioupeleka waliupeleka kwa mapenzi, kama mimi nilivyompelekea shangazi.

Pamoja na hayo, ndugu msomaji, sitaki uitupe simu yako chooni. Kitu hichohicho kimeokoa watu, tena kwa Kiswahili chetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 nchini Kenya, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili, juu ya huduma hiyo, lilipokea kila juma ujumbe mfupi kutoka kwa muuguzi, wenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48 kwamba ni "Sawa" au kuna "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la "Mambo?" na asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida.

Tafakari hapo. Hapakuwa na picha wala muziki, wala ukurasa usiokwisha. Palikuwa na swali la jirani, kwa lugha ya jirani, na nyuma ya swali palikuwa na mtu mwenye jina, anayesubiri jibu. Simu ile iliuliza, ikajibiwa, ikanyamaza.

Aidha, kitufe kilichotengenezwa na mtu kinaweza kutengenezwa upya na mtu. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya mahali unapoweza kusambaza ujumbe kwa mara moja, kutoka 20 hadi 5, duniani kote. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ujumbe uliokwisha kupita katika mikono mingi uliwekewa kikomo cha mahali 1 tu. Baadaye mwezi huo kampuni ilisema usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Watu hawakuhubiriwa. Waliwekewa tuta barabarani, wakapunguza mwendo.

Tuta hilo kila mmoja wetu anaweza kujiwekea. Ukipokea habari ya dawa, jiulize mambo matatu kabla ya kubonyeza: Msemaji ni nani, na anafanya kazi wapi? Ananiambia niache dawa niliyoandikiwa? Ananihimiza nisambaze haraka? Ukikosa jibu la la kwanza, au jibu la mawili ya mwisho likiwa ndiyo, acha. Zima milio isiyo ya lazima. Na wakubwa wetu wa afya nao wajifunze kwa yule muuguzi: mabango yenye maneno magumu hayamshindi mwongo anayezungumza kama ndugu.

Nami nilipoandika kundini kwamba sauti ile ilikuwa ya uongo na kwamba niliyeileta ni mimi, walijibu watu wawili tu. Uongo wenyewe ulikuwa umepokewa na dua na shukrani za ukoo mzima. Kwa hiyo siku hizi nafanya jambo jingine. Kila jioni saa moja namwandikia shangazi: "Shikamoo shangazi, umekunywa dawa?" Hujibu kwa mkono wa kushoto, polepole: "Marahaba. Nimekunywa." Kisha naiweka simu mezani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa juma hili. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.