Glovu za kazi: namna ya kuchagua na kutunza zikukinge kwa muda mrefu

Unaokota chupa za plastiki Mbagala, unaponda kokoto Kunduchi, unafagia barabara, au unatoa matope ndani ya nyumba baada ya Mto Msimbazi kufurika. Mikono inayofanya kazi hizo ndiyo inayorudi nyumbani kumwogesha na kumlisha mtoto. Mkwaruzo mdogo unaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda. Uchafu ulionasa kwenye kucha unaweza kumletea mtoto kuhara. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingine mingi, na ugonjwa huo hupita njia hii hii: kinyesi, mikono, maji na chakula.

Glovu nzuri hupunguza hatari hizo, mradi iwe ya kazi unayoifanya na itunzwe vizuri.

Kila kazi na glovu yake

*Glovu nyembamba za hospitali.* Zinafaa kumhudumia mgonjwa anayetapika, anayeharisha au anayetoka damu. Hutumika mara moja tu, kisha hutupwa. Usizifue.

*Glovu nene za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono.* Hizi ni za kusafisha choo, kufua nguo za mgonjwa na kutoa maji machafu. Hazipitishi maji, lakini kipande cha chupa huzichana upesi.

*Glovu za kitambaa zilizopakwa mpira kiganjani.* Zinafaa kuchambua chupa, kubeba matofali na kulima bustani. Hushika vizuri, lakini upande wa mgongo wa mkono hupitisha maji.

*Glovu za ngozi.* Ni bora kwa kokoto, mabati, kuni na taka zenye vitu vikali. Zikilowa mara kwa mara hukakamaa na kupasuka.

*Glovu za mtindo wa kijeshi.* Utazikuta kwenye mitumba na kwa wauza vifaa vya bodaboda, zikiwa na plastiki ngumu juu ya vifundo vya vidole. Hukinga mkono usigongwe na usikwaruzwe. Ila nyingi zina kitambaa chepesi katikati ya vidole, na nyingine zimekatwa ncha. Hizo usiingize kwenye taka wala maji machafu.

Kabla ya kulipa

Pima mkono wako. Zungusha uzi kwenye kiganja, chini kidogo ya vidole vinne, bila kuhusisha dole gumba. Kisha nyoosha uzi huo kwenye rula ya shule. Sentimita 18 ni namba 7, sentimita 20 ni namba 8, na sentimita 23 ni namba 9. Glovu nyingi za kazi sokoni ni za kipimo cha wanaume. Ikikupwaya, vitu hukuponyoka na ncha za vidole hunasa. Ikikubana, mkono huchoka na mshono hufumuka.

Vaa zote mbili, kunja ngumi, kisha okota sarafu. Ukishindwa kuiokota, utaivua glovu katikati ya kazi, na hapo ndipo utakapoumia. Kagua mishono katikati ya vidole. Glovu ya mpira ijaze upepo, ikunje mdomo na uiminye: upepo ukitoka, ina tundu.

Glovu nyingine zina alama ya nyundo na tarakimu nne chini yake. Tarakimu ya kwanza inaonyesha uwezo wa kuhimili msuguano, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika na ya nne kutobolewa. Tarakimu ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Lakini kipimo hicho cha kutobolewa hufanywa kwa chuma kinene kuliko sindano. Hata yenye alama za juu, sindano ya bomba inaweza kupita. Kwa hiyo usikandamize mfuko wa taka kwa mikono. Mwaga taka chini, zichambue kwa fimbo au koleo, na usiingize mkono mahali usipopaona.

Wakati wa kutozivaa

Usivae glovu karibu na mashine inayozunguka, kama ya kukamua miwa au ya kusaga nafaka. Ikinaswa, huvuta na mkono. Glovu za mpira usishikie sufuria ya moto wala jiko la mkaa, kwani huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Utunzaji wa kila siku

1. Osha glovu za mpira kwa sabuni na maji zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue.
2. Kama zimegusa kinyesi, matapishi au damu, ziloweke dakika 10 kwenye dawa ya klorini. Kwa JIK yenye asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 6 vya maji. Fanya hivyo nje, mbali na watoto, na usichanganye na dawa nyingine ya choo, kwani huweza kutoa hewa yenye sumu. Suuza vizuri.
3. Zigeuze ndani nje, zianike kivulini penye upepo. Jua kali hukausha mpira ukapasuka. Zikikauka, zigeuze tena. Jasho likibaki ndani huleta fangasi na muwasho.
4. Glovu za ngozi zipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, usiziloweke. Zikikauka, zipake mafuta kidogo ili zisikakamae. Wakati wa masika usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu.
5. Tenga jozi ya choo na jozi ya vyombo, ikiwezekana za rangi tofauti. Zisiwekwe kwenye mfuko wa nepi wala kapu la chakula.

Baada ya kuvua glovu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Glovu haiondoi haja ya kunawa.

Mshono wa glovu ya ngozi ukifumuka, fundi viatu anaweza kuushona. Glovu ya mpira yenye tundu, inayonata au iliyopasuka usiizibe. Itupe, na usimwachie mtoto achezee. Ukiona vipele au ngozi ikivimba kila unapovaa mpira, acha kuutumia na umwone mhudumu wa afya.

Ukichomwa na sindano

Vua glovu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiliminye, usilinyonye. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama damu ni kidogo na hata kama unanyonyesha au una mimba. Mwambie mhudumu ulivyochomwa. Dawa za kuzuia VVU, ziitwazo PEP, hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B. Usione haya: hiyo ni ajali ya kazi.

Kama umeajiriwa

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga. Kama unamfanyia kazi mkandarasi wa taka, mwombe glovu za kipimo chako, na uombe nyingine zikichakaa. Mkiomba mkiwa kikundi, ombi huwa na uzito zaidi.

Kama ni fedha yako mwenyewe na inatosha jozi moja tu, nunua inayofaa kazi unayoifanya siku nyingi zaidi, kisha itunze kama unavyotunza chombo kingine cha kazi.