Bahili na mchoyo

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ulitawaliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa akitoka sala ya Ijumaa, naye akazivua akampa. Mwana wa sultani alizikomboa kwa watumwa kumi. Sultani akamwongezea fakiri kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa, akatawala nduguye Daud. Huyu, akijiwa na mwombaji, alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi, wakaambulia kidogo, hata wakaukimbia mlango wake.

Daud alikuwa bahili au mchoyo? Wengi huyatumia maneno haya kama pacha, na kamusi nazo hufafanua moja kwa jingine. Mimi nayatenga.

Bahili ana ugomvi na matumizi. Shilingi ikimtoka inamuuma, hata ikienda kwake mwenyewe: ana duka Kivinje, lakini paa lake linavuja na homa anaivumilia asinunue dawa. Mchoyo ana ugomvi na mwenziwe. Yeye hujilisha vizuri, pweza wa nazi na wali, ila akisikia hodi anasukuma sufuria uvunguni. Kwa hiyo mtoto mwenye embe moja anaweza kuwa mchoyo, lakini hawezi kuwa bahili, maana ubahili unataka mali ya kubania. Na fundi wa jahazi anayemficha mwanagenzi ujuzi wake ni mchoyo. Sijasikia akiitwa bahili.

Tumrudie Daud. Ubahili hauthibitiki, kwa kuwa msafiri hakutueleza sultani huyo alikula nini wala alivaa nini. Uchoyo una dalili, hasa ile miezi ya kuwangojesha wageni. Lakini jibu lake huenda lilikuwa kweli tupu. Al-Hasan ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia lenye birika la pembe nane, na ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu. Dhahabu iliyoingia Kilwa kutoka Sofala ilikuwa nyingi, ila matumizi hayo yalikuwa makubwa nayo. Ikiwa hazina ilikuwa imekauka, basi Daud amesingiziwa: asiye na kitu hastahili kuitwa mchoyo wala bahili.